Uzi: Kusoma rekodi ya machapisho ya mtafiti wa jenomu za saratani, zaidi ya fahirisi ya h

Mwanzisha uzi (Dodoma)

Wanajukwaa, habari za jioni. Naandika kutoka Dodoma, ninakofanya kazi ya ukutubi katika chuo kikuu, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita katika kuwasaidia wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutafuta makala. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa tiba, mzaliwa wa Chemba, alikuja mezani kwangu na karatasi mbili alizochapa kutoka kwenye ukurasa wa mtafiti wa Ulaya anayeshughulika na jenomu za saratani, yaani seti nzima ya vinasaba vilivyomo katika seli za uvimbe. Alikuwa amezizungushia kalamu nyekundu namba tatu: jumla ya makala, jumla ya mara alizonukuliwa, na fahirisi ya h. "Shikamoo mwalimu. Huyu nikimpata awe msimamizi mwenza, nimemaliza," aliniambia. Nilimvutia kiti, tukakaa kuanzia saa nane mchana hadi maktaba ilipokaribia kufungwa. Zile namba tatu hazikutuambia jambo alilolihitaji hasa, yaani mtu huyu amegundua nini, kwa mikono yake au ya nani, na kwa vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa wa wapi.

Nimeona niulete mjadala huo hapa, kwa sababu naamini vijana wengi wanaandika barua za kuomba wasimamizi, na kamati nyingi zinapandisha watu vyeo, kwa kutazama namba hizo hizo bila kufungua makala hata moja.

Nianze na fahirisi ya h, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi vikaoni. Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, na hesabu yake si ngumu: unapanga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha unateremka hadi pale idadi ya makala inapokutana na idadi ya manukuu. Mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Maana yake ni kwamba aliyeandika makala tatu tu hawezi kuvuka h ya 3, hata kama hizo tatu zimegeuza tiba ya ugonjwa mzima. Tena kipimo hiki hakishuki kamwe, kwa hiyo mtu aliyeacha utafiti miaka kumi iliyopita bado anaweza kuonekana anapanda.

Katika elimu ya jenomu za saratani kasoro hiyo inauma zaidi kuliko katika nyanja nyingi. Mfikirieni Janet Rowley wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi siku chache tu kwa wiki kwa sababu alikuwa akilea watoto wanne wa kiume. Alikuwa akipeleka nyumbani picha za kromosomu, yaani vile vijinyuzi vya ndani ya seli vinavyobeba vinasaba, akizikata kwa mkasi moja moja na kuzipanga juu ya meza ya kulia chakula, apate kuzilinganisha. Mwaka 1973 jarida la Nature lilichapisha makala yake fupi, yenye jina lake peke yake. Alionyesha kwamba kile kipande kinachopungua kwenye kromosomu ya 22 ya wagonjwa wa saratani ya damu aina ya CML hakijapotea, bali kimehamia kwenye kromosomu ya 9. Kromosomu hiyo fupi ilikuwa imeonekana tangu 1960, walipoieleza Peter Nowell na David Hungerford kule Philadelphia, lakini ilikuwa haijajulikana sehemu iliyokatika ilikwenda wapi. Baadaye ikafahamika kuwa kuhama huko kunaunganisha jeni mbili zisizopaswa kukaa pamoja, na kwamba muungano huo ndio unaoziamrisha seli zizaliane bila kikomo. Mwaka 2001 dawa ya imatinib, kidonge kinachouzuia muungano huo usifanye kazi, iliidhinishwa nchini Marekani, na ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache ukawa ugonjwa ambao mtu anaishi nao.

Kwenye hesabu ya h, makala hiyo ya kurasa chache inahesabika kuwa moja, sawa kabisa na makala yoyote iliyovuka kiwango.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Jambo la pili tulilolitazama siku ile ni mpangilio wa majina. Katika nyanja hii, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya kazi ya mikono na uchambuzi, mara nyingi mwanafunzi wa uzamivu au mtafiti kijana, na jina la mwisho ni la mwenye maabara aliyeibeba hoja na kutafuta fedha. Makala ya mwaka 1990 katika jarida la Science, iliyoonyesha kwamba saratani ya titi inayorithiwa katika baadhi ya familia inafungamana na eneo la kromosomu ya 17, ilitokana na familia 23 zenye wagonjwa 146. Jina la kwanza ni la Jeff Hall na la mwisho ni la Mary-Claire King, aliyekuwa amelishikilia swali hilo tangu miaka ya 1970, wakati wenzake wengi hawakuamini kabisa kwamba saratani ya kawaida kama ile ingeweza kufuatiliwa hadi kwenye jeni moja. Jeni yenyewe, BRCA1, ilinaswa mwaka 1994 na kundi jingine lililoongozwa na Mark Skolnick kule Utah. Anayehesabu manukuu peke yake hawezi kuona kwamba makala ya kwanza ndiyo iliyowaonyesha wengine mahali pa kuchimba.

Sasa chukueni upande wa pili. Mwaka 2020 Nature ilichapisha mkusanyiko wa makala za mradi wa kimataifa uliochambua jenomu kamili 2,658 za aina 38 za saratani, kazi iliyowashirikisha wanasayansi na madaktari zaidi ya 1,300 kutoka nchi 37. Ni kazi kubwa na ya heshima, nami sina neno nayo. Lakini mtu ambaye jina lake limo katikati ya orodha kama hiyo anapokea manukuu yale yale anayopokea aliyeubuni mradi. Akiwa ameshiriki katika miradi mitano ya namna hiyo kwa kutoa sampuli, kuandika kipande cha programu, au kuwa mkuu wa idara tu, ukurasa wake unaweza kumzidi kwa mbali mtu aliyegundua jambo kwa miaka ishirini ya upweke. Huyu wa mwanafunzi wangu alikuwa hivyo: makala zake zilizonukuliwa zaidi zilikuwa zile zenye majina mengi kuliko yote. Tulizitenga. Zikabaki makala kumi na kitu ambazo jina lake ni la kwanza au la mwisho, na hapo ndipo tulipoanza kumwona mwenyewe.

Tuliondoa pia makala za mapitio, yaani zile zinazokusanya na kupanga walichogundua wengine. Hazina ubaya. Makala ya Douglas Hanahan na Robert Weinberg ya mwaka 2000 kuhusu sifa bainifu za saratani ni miongoni mwa makala zilizonukuliwa zaidi katika fani yote, na imefundisha kizazi kizima. Ila haina jaribio jipya ndani yake, na anayetaka kujua kama mtu ni hodari maabarani hatapata jibu humo.

Mchangiaji wa 2 (Singida)

Mkuu, nimekusoma kwa makini na ninakubaliana nawe katika mengi, lakini niseme jambo ambalo wengine hawatalisema. Mimi ni daktari, nimewahi kukaa kwenye kamati ya kuchagua watu wa kupelekwa masomoni. Kabla ya namba hizi kuja, aliyechaguliwa alikuwa ndugu wa fulani, au aliyesoma na mwenyekiti. Kijana asiye na mtu alipoleta namba zake, angalau alikuwa na kitu cha kuweka mezani kisichojua kabila wala ukoo. Ukituambia tuache namba na "tusome makala", nani atasoma? Wajumbe wengi si wa fani hiyo, wana wagonjwa wodini, na kila faili lina makala arobaini. Tutarudi kule kule kwa "namfahamu, ni mtu mzuri."

Mwanzisha uzi

Daktari, hoja yako ni nzito, na sitaipitia juu juu. Namba imewatetea watu wanyonge, nimeliona hilo kwa macho yangu. Nisichokubali ni namba kuwa mwisho wa mazungumzo. Si lazima mjumbe asome makala arobaini. Mwombaji na achague tano zake mwenyewe, aeleze kwa aya moja kila moja kwamba alifanya nini na kimetokea nini baada yake, na mjumbe asome hizo tano. Azimio la San Francisco, lililotokana na kikao cha wanasayansi na wahariri cha mwaka 2012, lilitaka kazi ipimwe kwa yaliyomo ndani yake na si kwa jina la jarida. Kipimo cha athari cha jarida, yaani wastani wa mara ambazo makala zake za karibuni zinanukuliwa, ambacho watu wanakitaja kana kwamba ni cheti cha mtafiti, kilitokana na kazi ya Eugene Garfield na kilitusaidia sisi wakutubi kuamua tununue jarida gani. Hakikutengenezwa kumpima mtu. Jarida lenye kipimo kikubwa kuliko yote katika mambo ya saratani limefika huko zaidi kwa sababu linachapisha takwimu za wagonjwa kila mwaka, na kila anayeandika utangulizi wa makala huzinukuu.

Tena kunukuliwa sana hakumaanishi kuwa sahihi, na kwenye jenomu za saratani tunao mfano ambao kila mwanafunzi angepaswa kuujua. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, akiwamo Anil Potti, walichapisha katika Nature Medicine makala iliyodai kwamba kwa kutazama jinsi jeni zinavyofanya kazi ndani ya uvimbe, daktari angeweza kutabiri ni dawa gani itamfaa mgonjwa yupi. Ilishangiliwa na kunukuliwa kwa wingi, na majaribio kwa wagonjwa yakaanzishwa juu yake. Wanatakwimu wawili wa Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walijaribu kuyarudia mahesabu yale kwa takwimu zile zile na hawakufika popote. Walipochimba walikuta orodha za jeni zimeteleza kwa mstari mmoja, kiasi kwamba kila jina limekaa mbele ya thamani ya jirani yake, na kwingine seli zinazosikia dawa zimeandikwa kuwa ndizo zisizosikia. Matokeo yao waliyachapisha mwaka 2009 katika jarida la takwimu ambalo madaktari wengi hawalifungui. Majaribio yalisimamishwa, makala ya Nature Medicine ikaondolewa mwaka 2011, na mwaka 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia uadilifu wa utafiti ikamtia Potti hatiani kwa kughushi takwimu. Nani alikuwa na athari kubwa zaidi hapo? Kwa hesabu ya manukuu ni yule wa kwanza. Kwa mgonjwa aliyeokolewa asipewe dawa isiyomfaa, ni wale wawili waliotumia miezi na miezi kusoma majedwali ya watu wengine.

Kuhusu majedwali, jaribu kitu kimoja leo. Fungua Excel ambayo haijarekebishwa, uandike SEPT9, ambalo lilikuwa jina la jeni inayotumika katika kipimo cha damu cha saratani ya utumbo mpana, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Nilimfanyia mwanafunzi wangu jaribio hilo kwenye kompyuta ya maktaba, na mbele ya macho yake jina la jeni likageuka kuwa tarehe 9 Septemba. Akanyamaza kidogo, kisha akafungua faili lake la tasnifu kuangalia. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walikagua majedwali yaliyoambatanishwa na makala za majarida makubwa ya jenomu, wakakuta takriban moja kati ya makala tano zenye orodha za jeni za Excel ina kosa la namna hiyo. Hatimaye mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni ilitangaza kuyabadili majina yenyewe, na leo inaitwa SEPTIN9.

Kwa hiyo kitu kimoja ninachokitafuta katika rekodi ya mtafiti, ambacho hakimo katika namba yoyote, ni kama takwimu zake na programu zake ziko wazi ili mwingine ayarudie mahesabu, na kama amewahi kuchapisha masahihisho ya kosa lake mwenyewe. Mwenye masahihisho mawili kwenye rekodi namwamini kuliko asiye na hata moja.

Mchangiaji wa 3 (maabara ya patholojia, Kanda ya Kati)

Samahani wakuu kwa kuingia kati. Mnazungumzia majina ya waandishi. Mimi nataka kuzungumzia vinyama. Kazi yangu ni kupokea kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa, kukilaza kwenye fomalini, kukiondoa maji, kukigandisha ndani ya nta na kukikata vipande vyembamba kuliko karatasi. Kila kipande cha nta kina namba niliyoiandika kwa penseli, kwa kuwa wino unafutika kwenye kemikali. Fomalini ikikaa muda mrefu mno au ikiwa imetengenezwa vibaya, vinasaba vinakatika-katika na hakuna mashine ya Ulaya itakayovisoma. Miaka kadhaa iliyopita vipande vya nta kutoka mahali nilipokuwa nikifanya kazi viliondoka kwenda nje kwa ajili ya utafiti. Vibali vilikuwepo na nilisaini mwenyewe daftari la kuvitoa. Makala ilipotoka niliitafuta, nikakuta sisi wote tumekuwa mstari mmoja wa shukrani: "wafanyakazi wa maabara". Daktari wetu aliyewachagua wagonjwa na kusoma kila slaidi hakuwemo hata katika orodha ya waandishi. Siwataji, wala sidai fedha. Ila nikiona mtu anasifiwa kwa manukuu, huwa najiuliza zile namba za penseli ziko wapi.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa maabara, pole, na asante kwa kulisema. Umegusa jambo ambalo mwanafunzi wangu na mimi tulilifikia jioni, tukiwa tumechoka, na ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote.

Mradi mkubwa wa Marekani wa Atlasi ya Jenomu za Saratani, ulioanza mwaka 2006, ulichambua uvimbe wa wagonjwa zaidi ya 11,000 katika aina 33 za saratani, na sehemu kubwa yao walikuwa watu wenye asili ya Ulaya. Katika tafiti zinazopekua jenomu nzima kutafuta chanzo cha magonjwa kwa jumla, hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Cell ilionyesha kuwa asilimia 78 ya washiriki walikuwa na asili ya Ulaya na asilimia 2 tu asili ya Afrika. Hali hiyo ipo ilhali Afrika ndiko kwenye mchanganyiko mkubwa zaidi wa vinasaba duniani. Mwaka 2020 jenomu za Waafrika 426 tu, kutoka jamii 50 za lugha na asili mbalimbali, zilitoa tofauti za vinasaba zaidi ya milioni tatu zilizokuwa hazijawahi kuandikwa popote. Mwanafunzi wangu wa Chemba alitabasamu nilipomwonyesha kwamba Wasandawe, majirani zake wa nyumbani, wamo katika makala ya Science ya mwaka 2009 iliyoongozwa na Sarah Tishkoff kuhusu jamii 121 za Afrika. Swali la makala hiyo lilikuwa asili ya watu. La kwake yeye ni saratani.

Hata hivyo ipo kazi inayoonyesha namna jambo hili linavyoweza kufanywa vizuri zaidi. Mwaka 2013 Ludmil Alexandrov na Michael Stratton na wenzao walichambua saratani 7,042 na kuonyesha kwamba visababishi kadhaa, kwa mfano moshi wa sigara au mionzi ya jua, huacha alama zake katika vinasaba vya uvimbe, kama nyayo kwenye vumbi. Mwaka 2021 kundi lililotumia njia hiyo lilichapisha katika Nature Genetics jenomu 552 za saratani ya umio kutoka nchi nane, zikiwamo Kenya, Malawi na Tanzania. Sisi tulio kwenye ukanda huu tunaijua saratani hiyo: mgonjwa anaanza kukwama ugali, kisha uji, kisha maji. Watafiti walitarajia kukuta nyayo za kisababishi kinachoeleza kwa nini ugonjwa ni mwingi huku kwetu na haba kwingine. Hawakuzikuta, alama zilifanana mno kati ya nchi zenye wagonjwa wengi na zenye wachache. Kwangu mimi hayo ni matokeo makubwa, kwa sababu yanasema kisababishi chetu huenda kinafanya kazi bila kuacha mkwaruzo kwenye vinasaba, na ni lazima tukitafute kwa njia nyingine. Matokeo ya aina hiyo, ya kutokukuta, mara nyingi hayapandishi h ya mtu haraka, lakini ndiyo yanayomwambia mtafiti anayefuata asipoteze miaka yake wapi.

Na kama mtu ataniuliza athari ya kweli ya kisomi inaonekanaje ikifika chini kabisa, nitamwelekeza shuleni. Harald zur Hausen alionyesha mwaka 1983 na 1984 kwamba vinasaba vya virusi vya HPV aina ya 16 na 18 vimo ndani ya uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi, wakati wataalamu wengi walikuwa wakimtupia lawama kirusi tofauti. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2008. Tangu 2018 chanjo dhidi ya virusi hivyo inatolewa nchini kwetu kwa wasichana, na mabinti waliopanga foleni kwenye veranda za shule, mkono wa sare umekunjwa hadi begani, walikuwa wakipokea makala za mtu huyo bila kusoma hata neno moja.

Mchangiaji wa 2 (Singida)

Mkuu, nimekuelewa. Ila umetuacha njiani. Huyo kijana wa Chemba hatimaye alimwandikia yule mtafiti au alitafuta mwingine?

Mwanzisha uzi

Amemwandikia huyo huyo, Daktari. Baada ya kuzitenga zile makala kumi na kitu, tulikuta nne zinazohusu umio, mbili kati ya hizo zikiwa na takwimu zilizowekwa wazi na moja ikiwa na masahihisho aliyoyatoa mwenyewe. Barua yake ya kwanza, aliyokuja nayo, ilikuwa na sifa nusu ukurasa na haikutaja makala hata moja. Ya pili ina aya tatu. Anaeleza jedwali gani katika makala ipi lilimtatiza na kwa nini. Anaeleza wagonjwa anaokusudia kuwashirikisha hapa Kanda ya Kati, na kwamba vibali vitapitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kisha anauliza, kwa adabu lakini bila kuzunguka, nani atakuwa mwandishi wa kwanza, nani atatunza takwimu, na kama mtaalamu wa patholojia atakayesoma slaidi atakuwa miongoni mwa waandishi. Swali hili la mwisho aliliongeza jana, baada ya kusoma mchango wa ndugu yetu wa maabara humu.

Aliituma leo asubuhi. Majibu yakija nitayaleta hapa hapa.